Mwisho wa Ngome ya Chumvi

Watu walimwita Hakimu, na jina lilimkaa kama shati la kupimiwa. Kila Ijumaa jioni aliketi mbele ya kamera sebuleni kwake, nyuma yake ukuta aliouchora mweusi, mezani nyundo ya mbao, akahukumu gemu lililotoka karibuni. Hakuwa mtu wa kusifu. Gemu la mpira la mwaka huu, alisema, ni lile la mwaka jana lililobadilishiwa jezi. La mbio za pikipiki lina barabara nzuri kwa sababu waliolitengeneza hawakutaka mtu aziangalie pikipiki. Kipindi kilimalizika kwa sehemu aliyoiita Yajayo Hayafurahishi, ambamo aliyazika magemu ambayo hata hayajazaliwa. Akishamaliza hugonga nyundo, na huko waliko watazamaji hucheka, humwagia sifa, na kumwomba Ijumaa ijayo asimwonee mtu huruma.

Jambo ambalo watazamaji hawakulijua ni kwamba Hakimu hakuwa akimaliza magemu. Mikono yake ilikuwa mizito na subira hana. Alicheza hatua mbili tatu za mwanzo, zikampatia picha za kuonyesha, kisha akikwama hutukana, hutupa pedi ya kuchezea gemu kwenye kochi na kwenda kuoga. Aliyeiokota ile pedi ni mkewe.

Mkewe alikuwa mpokezi kwenye kliniki ya meno. Kutwa nzima alipokea watu walioshika mashavu, akawaandikia zamu, akawatuliza. Akirudi nyumbani huvua viatu, huinjika sufuria, huketi sakafuni, mgongo umeegemea kochi, akacheza kama wengine wanavyofuma vitambaa: taratibu, macho yametulia, bila kuonekana anashindana na mtu. Hakuna gemu lililomshinda. Baadaye, akiosha vyombo, humsimulia mumewe lilivyokwenda, naye mume husimama mlangoni mwa jiko na simu inarekodi.

Maneno yalitoka kwa mke matamu, yakamfikia mtazamaji yana miiba. Mke akisema safari ya gemu fulani ni ndefu lakini ukifika unashukuru, Ijumaa Hakimu husema safari ni ndefu kiasi kwamba ukifika umeshasahau ulitoka wapi na kwa nini hukubaki huko. Mke alisikia akacheka. Alimwona mumewe ana kipaji, na kweli alikuwa nacho. Kisu nacho kina kipaji.

Ili siri isivuje, Hakimu alimtungia mkewe umbo la kuchekesha. Aliwaambia watu kwamba nyumbani ana mke anayeshika pedi kama upawa, anayekoroga vitufe kama uji, ambaye akiona adui hutoka mbio kwenda kufunga mlango wa nje. Akambatiza Bi Upawa. Mzaha ulipendwa kuliko hukumu zenyewe. Watu wakachora vikatuni vyake. Siku moja mgonjwa aliyetoka kung'olewa jino, mdomo umekufa ganzi, aliegemea kaunta na kumwuliza kwa taabu kama ni yeye Bi Upawa mwenyewe. Alipojibu ndiye, yule mgonjwa alicheka mpaka pamba ikamtoka mdomoni. Mke alimpa pamba nyingine. Jioni alimwambia mumewe kwamba jina limefika kazini. Mume akamjibu kwamba jina likifika mbali ujue biashara inakua, tena ni utani wa kazi tu, asiubebe. Hakuubeba. Au alidhani hakuubeba.

Kisha likatoka gemu dogo liitwalo Siku za Baba. Ndani yake binti anamtunza baba yake anayesahau kila kitu: anamlisha, anamwogesha, anamtajia jina lake kila asubuhi. Hakimu alilicheza muda wa kunywa kikombe cha chai, akaliacha. Mke alilimaliza, na alipofika jikoni kuosha vyombo hakuweza kusimulia. Aliegemea sinki akalia. Mumewe akamwuliza kulikoni, na kwa mara ya kwanza tangu waoane alimwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Siku mama yake alipofariki, simu yake ilikuwa kwenye droo ya kaunta, maana daktari hapendi simu mbele ya wagonjwa. Mama aliipiga mwenyewe, kwa mkono wake. Akapiga tena na tena. Binti alizikuta simu hizo jioni wakati wa kufunga, naye mama alikwisha kata roho. Katika hilo gemu, alisema, kuna mahali baba anaita na wewe una nafasi ya kuitika. Ni kitufe kimoja tu. Alikibonyeza akahisi kama amesamehewa na mtu ambaye hayupo.

Hakimu alimshika bega. Simu yake ilikuwa mkononi, na ilikuwa inarekodi kama kawaida.

Kile kipindi mke hakukitazama, alikuwa na homa akalala mapema. Alikisikia Jumatatu, kliniki, kwenye simu ya mgonjwa aliyekuwa akisubiri zamu. Sauti ya mumewe ilijaza chumba. Ilisema gemu hili limetengenezewa watu ambao walipoitwa hawakuwepo, sasa wanataka kumwogesha mzee wa kuchora ili wapate usingizi. Mmoja ninaye kwangu, ilisema. Bi Upawa kamlilia baba wa kwenye TV, na mama yake mzazi alimpigia simu mpaka pumzi ikamwishia, hakupokea. Labda hakujua kitufe ni kipi. Kisha nyundo. Wagonjwa wawili walicheka huku wameshika mashavu. Wa tatu, mwanamke mtu mzima, alimtazama mpokezi, akatazama chini.

Mke aliita zamu iliyofuata.

Nyumbani alimwuliza mumewe kwa nini. Hakupaza sauti. Hakimu alimweleza kama anayemweleza mwanafunzi: kipindi kile kimetazamwa kuliko vyote alivyowahi kufanya, watu wameguswa, na isitoshe utani bila ukweli haukati. Akaongeza kwamba mama, popote alipo, angefurahi kuona binti yake anapendwa. Mke akasema sawa. Ilikuwa sawa ndogo, ya mtu anayefunga dirisha. Hakimu akaichukua kwamba yameisha, akaenda kuoga.

Miezi ikapita, na likaja gemu ambalo kila mchezaji alikuwa analisubiri. Liliitwa Ngome ya Chumvi. Msichana anamtafuta mdogo wake aliyechukuliwa kufanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya mfalme, na ili amfikie lazima avuke jangwa, mahandaki na askari wasioona ila wanaosikia kila kitu. Kampuni iliyolitengeneza iliwapa wahakiki wachache nakala mapema, kwa ahadi ya kutofungua mdomo hadi siku ya uzinduzi. Siku hiyo wangekaa jukwaani ukumbini, mbele ya watengenezaji wenyewe na mamia ya watu, na kutoa maoni yao moja kwa moja hewani. Hakimu alikuwa miongoni mwao, na hakuwahi kualikwa mahali pa juu namna hiyo.

Akakwama kwenye handaki la kwanza. Askari wasioona walimkamata, wakamkamata, wakamkamata, kwa sababu hakuweza kutembea bila kukimbia. Akatupa pedi. Akamwambia mkewe amalizie, yeye anaenda kwa fundi kujaribu suti.

Mke alilicheza siku za mapumziko yake zote. Alitembea mahandakini kwa vidole vya miguu. Mwishoni msichana anamkuta mdogo wake amekonda, miguu imeliwa na chumvi, hawezi kusimama. Hakuna vita. Anainama, anambeba mgongoni, na mchezaji anatakiwa kutembea naye hadi nje, polepole, njia yote ile ile aliyojia. Majina ya watengenezaji yanapita huku mtu bado anatembea. Na baada ya majina yote, skrini ikiwa nyeupe, yanatokea maneno machache: Kwa mdogo wangu, niliyeshindwa kumbeba. Chini yake jina la mwandishi wa hadithi.

Mke alikaa muda mrefu ameshika pedi. Aliyasoma yale maneno zaidi ya mara moja. Kisha alisikia mlango, mumewe anarudi na suti begani, akinung'unika kwamba mabega yamebana. Akainuka akaenda kuosha vyombo.

Hakimu akasimama mlangoni mwa jiko. Linaishaje?

Mke alijua ladha ya mumewe kama anavyojua chumvi ya mchuzi wake. Alimwambia kwamba msichana anamkuta mdogo wake mzima wa afya, tena amefanywa mkuu wa askari. Wanakumbatiana. Kisha msichana anamsukuma kwenye kisima cha chumvi, anachukua ufunguo wa ngome, anaenda kukalia kiti cha mfalme.

"Bila sababu?" Hakimu akauliza.

"Bila sababu."

"Na muziki?"

Mke aliisuuza sahani, akaigeuza. "Wa harusi."

Hakimu alicheka kwa raha ya mtu aliyeandaliwa meza. Akauliza kama kuna sehemu ya mwisho iliyorekodiwa aione. Mke akamjibu kwamba kampuni imezuia kurekodi mwisho, na hilo lilikuwa kweli. Akamwambia pia kwamba pedi iko kochini, kama anataka kuona kwa macho yake acheze kuanzia pale alipohifadhi, toka hapo ni handaki moja tu na matembezi. Hakimu alitazama pedi, akatazama saa. Akasema ameshaelewa.

Siku ya uzinduzi alimtaka mkewe aje naye, avae vizuri, akae safu ya mbele. Alikuwa na mpango wa kumtumia kwenye mzaha. Mke akavaa vizuri.

Ukumbi ulijaa. Wahakiki walikaa kwenye viti virefu upande mmoja wa jukwaa, watengenezaji upande wa pili. Katikati ya watengenezaji alikuwemo mama mwenye nywele fupi za mvi na fimbo ya kutembelea. Huyo ndiye mwandishi wa hadithi. Wahakiki walizungumza mmoja mmoja, kwa uangalifu, maana wengi ukumbini walikuwa hawajalicheza. Msichana mmoja mwenye miwani alisema tu kwamba mwisho ulimfanya ampigie kaka yake simu, akaishia hapo.

Hakimu aliachwa wa mwisho, kama wimbo unaosubiriwa. Alianza na picha: mchanga mzuri, alisema, bora wangeuza mchanga. Watu wakacheka. Akaja kwa askari wasioona, akasema hao ndio waliobahatika kuliko wote humo ndani. Wakacheka zaidi. Kisha akasema hakimu hawezi kuhukumu bila kutaja kosa, kwa hiyo wamsamehe, anautaja mwisho. Akauelezea wote: kukumbatiana, kisima, ufunguo, kiti, muziki wa harusi. Alikuwa amegeuka kumkabili yule mama mwenye fimbo.

"Mtu anayeandika dada amuue mdogo wake kisha apigiwe ngoma za harusi," alisema, "ama hana ndugu, ama anao na wanalala wamefunga milango."

Waliocheka ni wale ambao hawakulicheza. Upande wa wahakiki hakuna aliyecheka. Msichana wa miwani aliweka kiganja mdomoni. Kijana mmoja wa upande wa watengenezaji aliinuka nusu, mama mwenye fimbo akamgusa mkono, akaketi.

Yule mama alikuwa amekwajuka uso, lakini sauti yake ilitoka ya upole. Alimwuliza Hakimu kama gemu amelimaliza. Hakimu akajibu amelimaliza mara mbili, ili ahakikishe halikuwa kosa la macho yake.

"Basi niambie, mwanangu. Majina yakishapita yote, pale mwisho kabisa, pameandikwa nini?"

Hakimu alisema mtu mwenye kazi zake hasomi majina. Wachache walicheka, kisha wakanyamaza kwa kuwa hakuna aliyewaunga mkono. Aliwatazama wahakiki wenzake, wakamtazama kama watu wanaomwona mtu anateleza ghorofani na wote wako chini. Hapo ndipo alipomkumbuka mkewe. Akanyoosha mkono kuelekea safu ya mbele, akasema mke wangu yule pale, tuliuona pamoja, muulizeni.

Kipaza sauti kikapitishwa mkono kwa mkono hadi kwa mke. Akasimama. Ukumbi wote ulimtazama, na wengi walimtambua kwa vikatuni.

"Mimi?" alisema. "Mimi si Bi Upawa? Mimi gemu nitalijulia wapi."

Akaketi.

Kisha msichana wa miwani akasema kwenye kipaza chake, bila kumtazama mtu, kwamba mwisho wa gemu dada anambeba mdogo wake mgongoni. Anambeba tu. Na kicheko kikaanza nyuma ya ukumbi, kikaja mbele kama maji, kikamfunika Hakimu akiwa bado amenyoosha mkono. Walicheka wale wale waliokuwa wakimcheka Bi Upawa. Hawakubagua.

Mke alitoka kabla ya mwisho, akaenda chooni kunawa uso. Mlango ukafunguliwa, akaingia mama mwenye fimbo. Alisimama kando yake mbele ya kioo, naye akafungua bomba, akawa hanawi.

"Wewe umelimaliza," alisema. Hakuuliza.

Mke alikubali. Alijaribu kumwambia kwamba alilia, kwamba ni gemu zuri kuliko yote aliyowahi kucheza, kwamba yale maneno ya mwisho aliyasoma.

"Uliyasoma," mama alisema. "Ukayasoma, halafu ukamtuma mumeo aje aniambie mbele ya watu nimemuua mdogo wangu."

Mke alisema hakumkusudia yeye.

"Najua hukunikusudia. Fimbo haikusudiwi. Hutafutwa tu ya karibu." Akafunga bomba. "Nimelifanyia kazi gemu hili tangu tulipomzika. Nilitaka watu walie. Sikutaka walie kisha waende kumaliza ugomvi wa jikoni kwao kwa jina lake."

Akatoka, fimbo inagonga vigae. Mke alibaki na mikono inayochuruzika. Angeweza kumkimbilia amwombe radhi. Alisikiliza fimbo mpaka isiposikika, akajifuta mikono kwa gauni.

Nyumbani Hakimu hakupiga kelele. Aliketi jikoni na suti yake, akamwuliza kwa nini, kama yeye alivyowahi kuulizwa. Mke alimjibu kwamba yeye husimulia kila gemu, na hili amelisimulia pia.

"Umeniua," Hakimu alisema.

"Hujafa. Wafu hawaulizi linaishaje."

Alisema hivyo na akaona neno linaingia, likafika mahali palipokusudiwa. Alitegemea kusikia raha. Alisikia kidogo, kama mtu anayeonja chakula akiwa na mafua.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Kile kipande cha video kilisambaa kuliko hukumu zake zote, kikawekewa muziki wa harusi. Wahakiki wengine walimchambua hewani, na waliotumia maneno makali kuliko wote ni wale waliojifunza ukali kwake. Kampuni hazikumletea tena nakala. Alitoa vipindi viwili vya kujieleza, watu wakaja kuuliza tu gemu linaishaje, akaacha. Shemeji yake, mume wa dada yake, alimpa kazi kwenye duka lake la matairi. Huko nako walimjua. Mteja akishafungiwa tairi humwuliza kwa uso mkavu kama hili tairi mwishoni litamuua dereva. Hakimu alijifunza kuinama na kuendelea kukaza nati. Wakamwita Bwana Mwisho, na jina hilo nalo likamkaa.

Mama mkwe alikuja kusuluhisha. Aliketi na mkoba mapajani, akamwambia mkwewe kwamba mwanamume ana makosa yake lakini mume ni mume, na kwamba neno moja tu mbele ya kamera, kwamba ulikuwa mzaha wa wawili wakapatana, lingemsafisha mwanawe. Mke alimkaribisha chai, akamjazia sukari anavyoipenda. Alimwambia, "Mama, mimi wakinipigia huwa sipokei. Mwanao aliitangazia dunia nzima." Bibi alielewa au hakuelewa. Alikunywa chai yake, akasema nyumba hii imekuwa baridi, akaomba asindikizwe.

Hawakuachana. Watu waliosubiri waachane walichoka kusubiri. Mke aliendelea kucheza jioni, mgongo kwenye kochi, na Hakimu aliketi nyuma yake na mikono inayonuka mpira, akitazama. Jikoni hawakusimuliana tena. Akishamaliza gemu, mke huzima mashine hapo hapo, wakati skrini ya mwisho ndiyo kwanza inafunguka, akainuka.

Jumamosi moja asubuhi Hakimu alitoka na kurudi na gemu la zamani la kupanga makasha kwenye bohari, lenye winchi moja ya kunyanyulia, gemu la watu wavumilivu. Hakuwasha kamera. Aliketi sakafuni, mahali anapoketi mkewe, akacheza. Alikwama, hakutupa pedi. Alianza upya. Akakwama pale pale. Kasha jekundu lilikuwa linaangukia la bluu na kuziba njia.

Mke alikuwa anapita na beseni la nguo. Aliona kwa jicho moja kwamba lile la bluu lingetolewa kwanza, kwa nyuma, yote yangefunguka.

"Ni hili la juu?" Hakimu aliuliza, bila kugeuka. Sauti yake haikuwa ya kuhukumu. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeketi kliniki akisubiri zamu, shavu limevimba. "Mke wangu. Nianze na lipi?"

Mke aliweka beseni kiunoni vizuri, akafungua mlango wa uani kwa kiwiko, akatoka. Jua lilikuwa limeshapanda. Alikung'uta shati la kwanza akalianika, akabana vibanio, akachukua la pili. Kila alipoinama kwenye beseni alisikia kutoka ndani mlio mfupi wa makasha kuanguka, kisha kimya cha mumewe anayeanza upya.